Mapambo ya Sikukuu na Amana ya Mtoto Nyumbani

Nasema nanyi kutoka Chapwa, kata iliyo katika Mji wa Tunduma, mkoani Songwe, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Leo nataka kusema habari za kupamba nyumba wakati wa sikukuu pasipo gharama kubwa. Pamoja na hayo nitaongeza jambo la pili, ambalo kwangu mimi mwalimu ndilo kubwa zaidi, nalo ni jinsi mapambo hayo yawezavyo kumfundisha mtoto kuchukua dhima ya kazi nyumbani kwao. Mambo haya mawili huonekana kuwa mbalimbali, kumbe ni kama chungu na kifuniko chake.

Ugumu wa mwezi wa Desemba

Kwanza na tuutazame mwezi wenyewe. Katika nchi yetu ya Songwe mvua huanza kunyesha aghalabu mwezi wa Novemba, na Desemba ni wakati wa kupanda mahindi, kupalilia na kutia mbolea. Mavuno ya mwaka uliopita yamekwisha kuuzwa au yanakaribia kwisha ghalani, na mkulima wa kahawa wa Mbozi alikwisha kupokea fedha zake zamani na kuzitumia. Basi Krismasi humkuta mkulima mkono wake u mwepesi, na shamba lake linadai.

Kisha baada ya siku chache tu huja Januari, na shule hufunguliwa. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 Serikali iliondoa ada katika shule za umma za msingi na za sekondari hadi Kidato cha Nne, na mwaka wa 2022 ikaondoa ada za Kidato cha Tano na cha Sita pia. Lakini kuondolewa kwa ada hakukuondoa daftari, kalamu, viatu, sare wala mkoba. Vitu hivyo mzazi bado hununua kwa fedha zake mwenyewe.

Sasa, katikati ya mbolea na daftari, ndipo huingia mapambo. Tunduma ni mji wa biashara. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia yapita hapa, na tangu mwaka wa 2019 kituo kimoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde hutumiwa na nchi zote mbili. Bidhaa za kila namna hufika. Sikukuu inapokaribia, maduka hujaa nyuzi za plastiki zinazometameta, maputo, maua ya bandia na taa za rangi. Mtoto apitapo barabarani huviona, na arudipo nyumbani huuliza, "Baba, sisi tutapamba lini?" Baba huona haya mbele ya mwanawe, naye huenda akanunua. Wiki ya kwanza ya Januari plastiki ile imekwisha kukatika, imelala uani, na mbuzi wanaitafuna. Na huenda yule mtoto aliyeifurahia akaingia darasani na daftari mbili mahali pa nane.

Simlaumu mwenye duka, maana naye ni jirani yetu na ana watoto wa kuwasomesha. Wala sisemi kwamba kila kinachonunuliwa ni hasara. Kitu kimoja kizuri kinachotunzwa miaka mingi chaweza kuwa rahisi kuliko vitu kumi hafifu vya mwaka mmoja. Nisemalo ni hili: nyumba ina watoto, na watoto wana mikono. Tukiitumia mikono hiyo vema, sikukuu itatuachia faida mbili, yaani fedha iliyobaki na mtoto aliyekomaa.

Kutumwa si kukabidhiwa

Wazee wetu walijua kulea kwa kazi. Lakini siku hizi wengi wetu huchanganya mambo mawili, kutumwa na kukabidhiwa. Mtoto akiambiwa, "Lete maji," akaleta, ametumwa. Akili yake imefanya kazi ndogo tu, maana wa kuwaza ni mama, naye mtoto amekuwa miguu ya mama. Lakini akiambiwa, "Mtungi huu ni amana yako; usiwe mtupu wageni wanapokuja," basi amekabidhiwa. Sasa hana budi kutazama mbele: wageni watakuja lini, maji yaliyomo ni kiasi gani, kisimani kuna foleni au hakuna. Yule aliyetumwa humaliza kazi mara anapolitua ndoo chini, lakini yule aliyekabidhiwa kazi yake haimaliziki mpaka sikukuu imepita.

Mtoto anayetumwa tu tangu asubuhi hata jioni huweza kuwa mtiifu sana, na hata hivyo akiachwa peke yake asijue la kufanya. Tunawaona vijana kama hao shuleni. Mwalimu akiwapo, ubao umefutwa na madawati yamepangwa. Mwalimu akitoka, hakuna aonaye kwamba ubao ni mchafu. Si kwamba ni wavivu. Hawakupata kupewa kitu kikaitwa chao.

Jambo hili halikosi kutajwa hata katika sheria. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka wa 1990, una kifungu cha 31 kinachotaja wajibu wa mtoto, na miongoni mwake ni kufanya kazi kwa ajili ya umoja wa jamaa yake na kuwasaidia wazazi wakati wa haja. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka wa 2009 nayo yataja haki za mtoto na wajibu wake pia. Sheria hiyo hiyo yakataza kumtumikisha mtoto kazi za kumdhuru. Basi tufuate njia ya kati, yaani mtoto apewe dhima ya kadiri yake, wala asigeuzwe mtumwa wa nyumba.

Sikukuu ni wakati mzuri kuliko wakati mwingine wa kuanza mafundisho haya. Shule zimefungwa. Kazi ina siku yake ya mwisho ambayo haiwezi kuahirishwa. Matokeo yake huonekana kwa macho, na wageni huja kuyatazama. Na juu ya hayo yote, kazi yenyewe ni ya furaha.

Kazi ya kwanza: usafi na kuta

Pambo la kwanza la nyumba ni usafi, nao hauuzwi dukani. Waislamu wa Pwani na Unguja kabla ya Idi hufagia, hufua, hutandika mikeka safi, na akina mama hutunga vikuba vya asumini na rihani, nyumba ikanukia. Nasi wa bara twaweza kuwaiga. Buibui waondolewe darini, madirisha yafutwe, ua ufagiliwe, na majani yakatwe kando ya njia.

Nyumba ya udongo hupambwa kwa udongo. Udongo mweupe, mwekundu na wa kijivu hupatikana mahali pengi. Uchekechwe, ulowekwe usiku mmoja, kisha uchanganywe na uji mwepesi wa unga ili ushike ukutani na usiwe unaacha vumbi nguoni. Sehemu ya chini ya ukuta, ambayo huchafuka upesi, ipakwe rangi nyekundu au ya kijivu, na sehemu ya juu ipakwe nyeupe. Mstari mmoja ulionyoka kwa kamba kati ya rangi mbili hupendeza kuliko michoro mingi iliyopinda.

Mwenye nyumba ya matofali aweza kutumia chokaa. Chumvi kidogo ikitiwa ndani yake husaidia ishike vizuri zaidi. Lakini angalieni sana mambo matatu. La kwanza, chokaa ambayo haijazimwa huchemka inapotiwa maji, nayo huunguza ngozi na macho. Kuizima ni kazi ya mtu mzima peke yake, na ikimrukia mtu machoni aoshwe mara hiyo kwa maji mengi, kisha apelekwe kwa mganga hospitalini. La pili, mvua za Desemba hukosha chokaa ya nje kabla haijakauka; kwa hiyo pakeni mapema, siku ya jua, au pakeni kuta za ndani na za barazani tu. La tatu, asiruhusiwe mtoto kuchimba udongo katika shimo refu, kwa sababu kingo huporomoka.

Kazi ya pili: majani na maua

Hapa Mungu ametupa bure. Katika Buganda, Bukoba na nchi nyingine za migomba, watu hupamba lango kwa kusimamisha migomba miwili, mmoja kila upande. Nasi tuna migomba huko Mbozi na Ileje. Lakini mwenye busara hakati mgomba wenye tumaini la kuzaa. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha shina lake hukatwa ili machipukizi yapate nafasi. Basi wekeni akiba mashina yaliyokwisha kuvunwa ndizi karibu na sikukuu. Yapambeni langoni, na sikukuu ikiisha yakatekateni muwape ng'ombe. Hivyo shina moja limefanya kazi tatu.

Vivyo hivyo kwa misonobari na misaiprasi. Si lazima kuangusha mti mchanga ambao ungekuwa boriti baada ya miaka. Miti hiyo hupogolewa matawi ya chini ili shina linyoke, na tawi moja kubwa likisimamishwa katika ndoo ya mchanga hutosha kuwa mti wa Krismasi. Mtoto aombe ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya kukata. Kuomba huko nako ni fundisho, kwa maana pambo lililoibwa haliwezi kuipa nyumba heshima.

Katika sehemu zenye joto mti unaoitwa mkrismasi hutoa maua mekundu wakati huu huu, na ndiyo asili ya jina lake. Majani na maua yakatwe siku moja au mbili tu kabla ya sikukuu, asubuhi na mapema, yawekwe majini kivulini. Yakikatwa wiki nzima mbele, hunyauka kabla wageni hawajafika.

Kazi ya tatu: somo la nyota

Sasa nieleze pambo moja la karatasi ambalo lina historia ya shule. Wamisionari wa Moraviani kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka wa 1891, na mwaka wa 1899 wakaanzisha kituo Mbozi, ambako hapa kwetu si mbali. Katika shule yao moja ya bweni huko Ujerumani, katika mji mdogo wa Niesky, katika karne ya 19 wanafunzi walifundishwa hesabu za maumbo kwa kutengeneza nyota za karatasi zenye ncha nyingi. Watoto wakazitundika wakati wa kungojea Krismasi, na desturi ikaenea majumbani. Baadaye, mwaka wa 1897, katika mji wa Herrnhut nyota hizo zilianza kutengenezwa karakanani kwa kuuzwa, na hata leo huuzwa. Angalieni basi, kitu ambacho leo ni bidhaa kilianza kama kazi ya mikono ya watoto wa shule. Sisi twaweza kukirudisha mikononi mwa watoto.

Hesabu yake ni hii. Chukueni umbo la mchemraba. Mchemraba una nyuso 6, kingo 12 na pembe 8. Mkikata kila ukingo na kila pembe kwa kadiri ifaayo, mtapata umbo lenye nyuso 26, nazo ni miraba 18 na pembetatu 8, zote zenye pande za urefu mmoja. Hicho ndicho kiini cha nyota. Juu ya kila uso hubandikwa ncha moja, isipokuwa mraba mmoja wa juu ambao huachwa kwa kamba ya kutundikia. Kwa hiyo ncha ni 25. Ncha 17 zina pande nne, na ncha 8 zina pande tatu.

Kiini kitengenezwe kwa katoni. Kateni miraba 18 na pembetatu 8, kila upande sentimeta 6. Miraba 8 iunganishwe kwa vipande vya karatasi na gundi, iwe mkanda wa mviringo. Juu ya mkanda huo wekeni miraba 4 na pembetatu 4, kwa kupishana, kisha mraba mmoja wa kufunika. Chini fanyeni vivyo hivyo. Jumla ni miraba 8, tena 4 na 4, tena 1 na 1, nayo ni 18.

Ncha zitengenezwe kwa karatasi ngumu kidogo, kama ya kalenda ya mwaka uliopita. Kila upande wa ncha ni pembetatu yenye kitako cha sentimeta 6 na pande mbili za sentimeta 18. Chora nne zikifuatana kwa ncha ya pande nne, au tatu kwa ncha ya pande tatu. Acha ukingo mdogo wa kutia gundi, kunja, ubandike. Mwulizeni mtoto: jumla ya pembetatu ndefu tutakazochora ni ngapi? Mara 17 kwa 4 ni 68, na mara 8 kwa 3 ni 24. Jumla ni 92. Nyota ikimalizika itakuwa na upana wa karibu nusu mita. Atakayechora pembetatu 92 bila kukosea kipimo amejifunza subira kuliko aliyesomewa hotuba ishirini juu ya subira.

Karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji nayo yafaa kwa kiini na kwa minyororo ya karatasi, baada ya mtu mzima kuikung'uta nje ya nyumba penye upepo, maana vumbi la saruji hudhuru macho na kifua. Gundi hupikwa nyumbani. Kikombe kimoja cha unga wa muhogo au wa ngano hukorogwa kwa maji baridi kidogo usiwe na madonge, kisha humiminwa katika vikombe vinne vya maji moto na kupikwa mpaka uwe mzito na kung'aa. Gundi hiyo itumiwe ndani ya siku mbili au tatu, kwa kuwa huchacha.

Na neno moja la hatari. Karatasi na moto ni maadui. Asiweke mtu mshumaa wala kibatari ndani ya nyota au chini ya minyororo ya karatasi. Ikiwa mnataka mwanga, tumieni taa ndogo ya sola isiyotoa joto. Hicho ndicho kitu kimoja ambacho naona chafaa kununuliwa, kwa sababu mwaka mzima mtoto ataweza kusomea.

Namna ya kugawa amana

Tuseme nyumba ina watoto watatu, mmoja wa darasa la pili, mmoja wa darasa la tano, na mmoja anayengojea kuingia Kidato cha Kwanza. Wazazi na wawaite wote jioni moja, wiki nne kabla ya sikukuu, na kila mmoja apewe jambo zima, lenye mwanzo na mwisho.

Yule mdogo akabidhiwe kizingiti na baraza, yaani kila asubuhi zifagiliwe, na viatu vya wageni vipangwe. Wa pili akabidhiwe majani na maua, na kazi yake ni kujua yatatoka wapi, kuomba ruhusa, kuyakata kwa wakati wake, na kuyaondoa yakinyauka. Yule mkubwa akabidhiwe nyota na mkoba wa fedha. Wala kazi zisigawanywe kwa kusema kufagia ni kwa wasichana na kupima ni kwa wavulana. Msichana apimaye pembetatu atapima na mambo makubwa zaidi, na mvulana afagiaye hatakuwa mzigo kwa mkewe.

Nimetaja mkoba wa fedha. Tuseme baba na mama wametenga shilingi 6,000 kwa mapambo yote. Fedha hizo apewe mtoto mkubwa, pamoja na daftari lenye safu tatu: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Ataandika, kwa mfano, unga wa gundi 1,000, uzi na sindano 1,000, chokaa 3,000, baki 1,000. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mmoja ataandika za sokoni kwao. Kila Jumamosi amsomee mama daftari lile. Na baki iwe yake ya kununulia kalamu Januari. Ndipo atakapotazama kila shilingi mara mbili kabla ya kuitoa. Watoto wa Kiislamu ambao siku ya Idi hupewa mkono wa Idi na jamaa zao wanaweza kufundishwa kwa daftari hilo hilo.

Baada ya kukabidhi, mzazi ana kazi iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kunyamaza. Mtoto atachelewa. Atapinda mstari. Mama atatamani kuichukua karatasi aifanye mwenyewe usiku watoto wakiwa wamelala. Asifanye hivyo. Mtoto akiamka akaona kazi yake imefanywa na mwingine, amefundishwa jambo moja tu, kwamba amana yake haikuwa yake. Atakuja mara kwa mara kutaka aambiwe:

"Mama, uzi umekwisha."

"Uzi ni amana ya nani, mwanangu?"

"Yangu, mama."

"Katika daftari umebakiza kiasi gani?"

"Shilingi elfu moja."

"Basi fikiri, kisha uje uniambie utafanyaje."

Huenda akanunua mwingine. Huenda akafumua kiroba cha zamani akapata nyuzi bila senti moja. Lolote atakalochagua, amefikiri mwenyewe.

Na ikiwa siku ya mkesha nyota ina ncha 22 tu mahali pa 25? Itundikeni hivyo hivyo. Msimtukane, wala msimcheke mbele ya wageni, wala msizibe upungufu kwa siri. Macho yake yenyewe yatamwambia penye upungufu, na mwaka ujao ataanza mapema. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini hukunjwa kwa mkono wa upole asivunjike.

Lakini mzazi asinyamaze penye hatari. Mtoto asipande juu ya paa, asiguse nyaya za umeme, asitumwe barabarani usiku penye malori, asikeshe. Na kazi ya sikukuu isile saa zake zote za mchezo, kwa maana mchezo nao ni haki yake.

Mwisho, kila amana irudishwe. Siku iliyowekwa baada ya sikukuu, kila mtoto akusanye alichokabidhiwa. Majani yaende kwenye mboji, mashina ya migomba yaende kwa ng'ombe, nyota ifungwe katika katoni na kutundikwa darini mbali na mchwa na panya. Wengi husahau sehemu hii, wakaacha mapambo yaning'inie mpaka mvua iyaangushe. Mtu aliyefundishwa kuanza lakini hakufundishwa kumaliza, hajafundishwa. Kisha baba aseme mbele ya jamaa wote, na ikiwezekana mbele ya babu na bibi, "Baraza hii ilikuwa ya fulani, naye ameitunza. Tumeona." Msiwalipe fedha kwa kazi ya nyumba yao wenyewe. Shukrani ya hadharani ndiyo malipo yake.

Maneno ya jirani

Najua kuna atakayeuliza, "Mwalimu, je, jirani hatasema kwamba sisi ni maskini?" Huenda akasema. Lakini jirani huyo hatakuja Januari kumnunulia mwanao viatu. Na tena nimeona kwamba mgeni aingiapo katika nyumba iliyopambwa kwa vitu vya dukani, husema, "Mmepamba vizuri," kisha huketi. Lakini aonapo nyota ya karatasi iliyotengenezwa nyumbani, huuliza, "Nani ametengeneza hii?" Ndipo mtoto husogea mbele, akaieleza tangu mchemraba hata ncha ya mwisho, na wazazi wake hukaa kimya wakimsikiliza. Je, ni pambo gani la dukani liwezalo kuipa nyumba heshima kama hiyo?

Mwaka wa 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akataka shule zifundishe kazi pamoja na vitabu. Sisi walimu tumejaribu, na tungali tukijaribu. Lakini shule humpata mtoto kwa saa chache tu kwa siku, naye huja amekwisha kufinyangwa nyumbani. Bustani ya shule haiwezi kumfundisha dhima mtoto ambaye kwao hakuna kitu hata kimoja kilichoitwa chake.

Basi, wapenzi wangu, mtakapokuwa mkipanga sikukuu ijayo, iwe Krismasi, iwe Idi, iwe Pasaka, kaeni na watoto wenu jioni moja kabla hamjakwenda dukani. Hesabuni kwanza daftari, viatu na mbolea. Fedha ya vitu hivyo ifungwe kando. Kisha waulizeni watoto, "Nyumba hii ni yetu sote, nani atachukua nini?" Wapeni nafasi ya kujibu, na wakikwisha kujibu, waachieni kazi waliyoichukua. Sikukuu itapita kama zipitavyo zote, na majani yatanyauka. Lakini Januari mtoto atakapokwenda shuleni na daftari zake kamili, baraza mtaikuta imefagiliwa, na hakuna aliyemtuma.